Uasin Gishu Mezani pa Basel (Sehemu ya Pili)

Wiki jana tuliishia mwaka 1902, pale London ilipoukata mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mpaka ulihama, wenyeji hawakuhama. Ndiyo maana mpango ninaoueleza leo hadi sasa unaitwa Mpango wa Uganda, ilhali ardhi iliyokuwa ikizungumziwa ni uwanda huu wa Uasin Gishu, unaotulisha mahindi na ngano.

Chanzo chake kilikuwa mbali na hapa. Aprili 1903, siku za Pasaka, makundi ya watu yalivamia nyumba na maduka ya Wayahudi mjini Kishinev, uliokuwa chini ya mfalme wa Urusi na ambao leo ndio mji mkuu wa Moldova. Wayahudi 49 waliuawa na mamia wakajeruhiwa. Haikuwa mara ya kwanza. Tangu mwaka 1881 mashambulizi ya namna hiyo, pamoja na umaskini na sheria za kuwabana mahali pa kuishi, yalikuwa yamewafanya Wayahudi wengi wa Urusi wakimbilie Marekani na Uingereza.

Uingereza nayo ilikuwa imeanza kuwachoka. Mitaa ya mashariki ya London ilikuwa imejaa wageni, na wanasiasa walikuwa wakidai mlango ufungwe. Mwaka 1902 tume ya serikali ilianza kuchunguza uhamiaji huo, na Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani waliotaka Wayahudi wapate nchi yao wenyewe, akaitwa mbele yake kutoa maoni. Mwaka 1905 bunge likapitisha Sheria ya Wageni, ya kwanza ya zama hizi kuwazuia wahamiaji maskini kuingia nchini humo. Naomba msomaji aziweke tarehe hizi pamoja. Serikali ya Arthur Balfour iliyokuwa ikiufunga mlango wake ndiyo iliyokuwa ikiwafungulia watu walewale mlango wa nyumba isiyo yake.

Waziri wa Makoloni, Joseph Chamberlain, alikuwa amepita Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 1902 na kupanda gari moshi kwenye reli mpya ya Uganda. Reli hiyo ilikuwa imegharimu fedha nyingi na haikuwa na mizigo ya kuirudishia gharama zake. Ilihitaji walowezi. Agosti 14, 1903, Sir Clement Hill wa Wizara ya Mambo ya Nje aliandika barua ya kukubali kwamba Wayahudi wangeweza kupewa eneo la kukaa na kujitawala katika mambo yao ya ndani. Siku chache baadaye Herzl aliupeleka ujumbe huo kwenye Kongamano la Sita la Wazayuni mjini Basel, Uswisi.

Ukumbi uligawanyika. Wajumbe 295 waliunga mkono kutumwa kwa wachunguzi, 178 wakapinga. Waliopinga kwa uchungu zaidi walitoka Urusi, wakiwemo wajumbe wa Kishinev yenyewe. Hawakutaka nchi nyingine ila Palestina, na wakatoka nje wakiomboleza. Desemba mwaka huohuo, huko Paris, kijana mmoja alimfyatulia risasi Max Nordau, aliyekuwa ameutetea mpango huo, akamkosa. Herzl alifariki Julai 1904.

Wachunguzi watatu walifika hapa mwanzoni mwa mwaka 1905: Meja Gibbons, Mwingereza, Alfred Kaiser, Mswisi, na Nahum Wilbusch, mhandisi Myahudi kutoka Urusi. Hawakuafikiana juu ya idadi ya watu ambao ardhi ingewatosha. Walowezi Waingereza waliokuwa wamekwisha kutangulia nchini, wakiongozwa na Lord Delamere, nao walikuwa wamepiga kelele. Kongamano la Saba likaukataa mpango huo katikati ya mwaka 1905.

Nimesoma mengi juu ya mjadala huo, na kila ninapoufikia mwisho wake nahuzunika kwa jambo lilelile. Walibishana kuhusu historia, dini, udongo na reli. Hakuna kikao kilichofanywa pamoja na wazee wa Nandi. Waingereza waliuona uwanda huu kuwa mtupu. Ni kweli Wamasai wa Uasin Gishu walikuwa wamesambaratishwa na vita vya karne ya 19, lakini Wanandi na Wakeiyo walikuwa wakilisha mifugo yao kandokando yake. Malisho hayana ukuta wala hati. Ng'ombe wakihamishwa msimu mmoja, mgeni huona nyasi tu.

Na utupu uliongezwa kwa bunduki. Oktoba 19, 1905, miezi michache tu baada ya Basel kukataa, Richard Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Uingereza, alimuua Koitalel arap Samoei, Orkoiyot, yaani kiongozi wa Wanandi, katika mkutano ulioitwa wa amani. Msafara mkubwa wa kijeshi ukafuata. Mifugo ilitwaliwa kwa maelfu, na Wanandi wakasukumwa ndani ya mipaka ya hifadhi.

Hapo ndipo walipoingia wakimbizi wengine. Vita vya Makaburu na Waingereza vilikuwa vimekwisha Afrika Kusini mwaka 1902 kwa Mkataba wa Vereeniging, baada ya wanawake na watoto wa Kikaburu zaidi ya 26,000 kufia katika kambi walimozuiliwa na Waingereza. Weusi nao walifia katika kambi zao, kwa maelfu. Wapo Makaburu waliokuwa wamefilisika, na wapo waliojiunga na Waingereza wakaonekana wasaliti kwa ndugu zao. Mwaka 1908 watu wapatao 250, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walipanda meli hadi Mombasa, wakafika Nakuru kwa reli, kisha wakapanda huku kwa magari ya maksai, wakivuka misitu na matope. Oktoba walikuwa Sergoit.

Kati ya mashamba ya walowezi, shamba namba 64 lilipata posta mwaka 1910, na mwaka 1912 mji ukaitwa Eldoret. Sheria ya Ardhi ya 1915 ikawapa walowezi ukodishaji wa miaka 999. Wanandi walirudi kwenye uwanda huo na mifugo yao wakiwa maskwota, wakilipia malisho kwa kazi ya mikono.

Mwaka 1932 Tume ya Carter ilianza kusikiliza madai ya ardhi ya Waafrika nchini. Wiki ijayo tutaona yaliyodaiwa juu ya uwanda huu, na tume ilivyoyajibu.