Mudeung: uwanja wa besiboli wenye historia ya madereva wa teksi

Besiboli ni mchezo ambao wengi wetu hatuujui. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Lakini katika mji wa Gwangju, kusini-magharibi mwa Korea Kusini, uko uwanja wa mchezo huu ambao hata asiyejua besiboli huenda kuutazama. Kwa nini?

Viwanja vya Mudeung vilijengwa mwaka 1965. Mei 1980, wananchi wa Gwangju waliandamana kupinga utawala wa kijeshi, na askari wa miavuli wakawapiga bila huruma. Madereva wa teksi waliojaribu kuwakimbiza majeruhi hospitali nao walipigwa. Jioni ya tarehe 20 Mei, madereva hao walikusanyika Mudeung. Teksi, mabasi na malori, zaidi ya magari 200, yaliwasha taa, yakapiga honi na kuelekea barabara kuu ya Geumnam-ro. Askari waliyazuia kwa mabomu ya machozi na virungu, lakini mji mzima ulipata moyo. Jeshi liliurudisha mji mikononi mwake tarehe 27 Mei. Raia zaidi ya 160 waliuawa katika siku hizo.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1982, ligi ya kulipwa ya besiboli ilianza, na Mudeung ukawa nyumbani kwa timu ya Haitai Tigers. Wakati huo kusema hadharani juu ya mauaji yale kulikuwa hatari. Watu walijaa uwanjani, wakaimba kwa pamoja "Machozi ya Mokpo", wimbo wa mwaka 1935 unaoutaja mji wa bandari wa eneo lao. Timu ilichukua ubingwa mara 9 kati ya 1983 na 1997. Kwa watu walioambiwa wanyamaze, kila ushindi ulikuwa sauti.

Ukifika leo, utaona uwanja mpya uliofunguliwa mwaka 2014, ambako timu hiyo, sasa Kia Tigers, inacheza. Ule wa zamani uko jirani yake. Na kila Mei, madereva hukusanyika tena pale Mudeung na kupita na magari yao njia ileile, ili watoto waliozaliwa baadaye waulize sababu, na wazee wapate nafasi ya kuwajibu.