Ol' Man River

Ol' Man River (kwa Kiswahili: "Mzee Mto") ni wimbo kutoka Show Boat, tamthilia ya muziki ya Kimarekani iliyofunguliwa kwenye Broadway, mjini New York, tarehe 27 Desemba 1927. Muziki ulitungwa na Jerome Kern na maneno yaliandikwa na Oscar Hammerstein II. Katika tamthilia hiyo wimbo huimbwa na Joe, kuli Mweusi anayefanya kazi kando ya mto Mississippi. Nje ya tamthilia unajulikana zaidi kwa sauti ya Paul Robeson, mwimbaji wa besi aliyeuimba kwa zaidi ya miaka 30 na kuyabadilisha maneno yake polepole, mpaka ukawa karibu kinyume cha ulivyoandikwa.

Wasikilizaji wengi huudhani kuwa wimbo wa kale wa watumwa, au mojawapo ya nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi. Sivyo. Ulitungwa na Wazungu wawili wa New York kwa ajili ya ukumbi wa kibiashara, zaidi ya miaka 60 baada ya utumwa kukomeshwa Marekani. Kwamba unasikika kama wa kale ni ushahidi wa ustadi wa Kern. Lakini swali la nani anasema kwa niaba ya nani limeuandama tangu mwanzo.

Jina

"Old Man River" ni jina la utani la mto Mississippi, na wimbo huu ndio uliolieneza duniani. Herufi zilizokatwa katika jina la wimbo zinaonyesha namna Hammerstein alivyojaribu kuandika matamshi ya Weusi wa Kusini. Wimbo mzima katika maandishi ya 1927 umeandikwa hivyo, kwa lafudhi ya kuigiza. Tafsiri "Mzee Mto" inaupa mto heshima kidogo kuliko jina lenyewe, kwa kuwa neno "mzee" kwa Kiswahili ni la kumstahi mtu, ilhali kwa Kiingereza mwito huo una mazoea na utani ndani yake.

Asili ya tamthilia

Show Boat ilitokana na riwaya ya Edna Ferber iliyotolewa mwaka 1926. Inahusu familia inayoendesha meli ya mtoni yenye ukumbi wa maonyesho, iitwayo Cotton Blossom, ikipita mji hadi mji kuwaburudisha watu wa kandokando ya Mississippi. Hadithi inaanza miaka ya 1880 na kuishia 1927. Ndani yake mna mapenzi ya Magnolia, binti wa nahodha, na mcheza kamari Gaylord Ravenal. Mna pia kisa cha Julie, mwigizaji nyota wa meli, ambaye inagunduliwa kuwa ana asili ya Kiafrika huku ameolewa na Mzungu, jambo lililokatazwa na sheria ya jimbo la Mississippi. Julie na mumewe wanalazimika kuiacha meli.

Kwa Broadway ya wakati ule hilo lilikuwa jambo zito. Maonyesho mengi ya muziki yalikuwa vichekesho vyepesi, na nyimbo zilipachikwa tu pale ambapo mwimbaji mashuhuri alitaka kusikika. Hata mtayarishaji wa Show Boat, Florenz Ziegfeld, alikuwa amejipatia jina kwa maonyesho ya mavazi ya fahari na wasichana warembo. Kern na Hammerstein walitaka kila wimbo utoke katika hali ya mhusika. Ndiyo maana Show Boat hutajwa mara nyingi kama mwanzo wa tamthilia ya muziki ya Kimarekani kama inavyojulikana leo.

Kern alizaliwa New York mwaka 1885, na kufikia 1927 alikuwa ametunga kwa ajili ya jukwaa kwa zaidi ya miaka 20. Hammerstein, aliyezaliwa 1895, alitoka katika familia ya watu wa maonyesho. Babu yake, ambaye jina lake alilirithi, alijenga kumbi za maonyesho na za opera New York. Alianza kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia kabla ya kuiacha. Robeson naye alisoma sheria chuoni hapohapo miaka michache baadaye, akamaliza, kisha akaiacha kazi ya uanasheria.

Hammerstein aliona kwamba hadithi ya Ferber imetawanyika mno, watu wengi na miaka mingi, na ilihitaji kitu kimoja cha kuifunga pamoja. Kitu hicho kilikuwa mto. Joe hana sehemu kubwa katika riwaya. Ni waandishi wa tamthilia waliomkuza na kumpa wimbo unaorudi tena na tena huku wahusika wengine wakizeeka na kuachana. Ferber aliandika katika kumbukumbu zake kwamba Kern alipompigia wimbo huo kwa mara ya kwanza, machozi yalimtoka.

Watazamaji wa Desemba 1927 walikuwa na sababu nyingine ya kuufikiria mto. Mwaka huohuo Mississippi ilikuwa imefurika vibaya kuliko wakati wowote uliokumbukwa, na mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamepoteza makazi. Katika sehemu za jimbo la Mississippi, wanaume Weusi walilazimishwa kufanya kazi kwenye matuta ya kuzuia maji.

Maneno na muziki

Katika onyesho la kwanza Magnolia, akiwa bado binti mdogo, anamuuliza Joe habari za kijana aliyekutana naye gatini. Joe anajibu kwamba afadhali aulizwe mto. Kisha anaimba. Anaeleza jinsi Weusi wanavyobeba marobota ya pamba na kuvuta majahazi kuanzia alfajiri mpaka jua linapotua, huku Weupe wakistarehe. Mto wenyewe haupandi viazi wala pamba, na wanaopanda husahauliwa. Mto unajua mambo lakini hausemi, unaendelea tu kwenda. Joe anautamani utulivu huo: yeye amechoka kuishi na anaogopa kufa.

Sehemu kuu ya wimbo imegawanyika katika vipande vinne, muundo wa kawaida wa nyimbo za Broadway za wakati ule: kipande cha kwanza kinarudiwa, kinafuata cha tatu chenye sauti tofauti, kisha tunarejea kwenye cha kwanza. Lakini Kern aliutumia muundo huo kwa namna isiyo ya kawaida. Karibu vipande vyote vya mwanzo vimejengwa kwa noti tano tu, ngazi inayopatikana katika nyimbo za asili za mataifa mengi duniani, na hiyo ndiyo siri kubwa ya wimbo kusikika kama umekuwepo siku zote. Kipande cha tatu, kinachotaja jasho na maumivu ya mwili, kinaingia katika huzuni. Baada ya hapo sauti inapanda hatua kwa hatua hadi kwenye noti za juu kabisa.

Kutoka noti ya chini hadi ya juu kuna zaidi ya oktava moja na nusu, na ndiyo sababu waimbaji wengi hushindwa: anayeweza kuanza chini inavyotakiwa hukwama juu, au kinyume chake. Kuna pia mchezo wa kitunzi ambao msikilizaji huuhisi kabla ya kuutambua. Noti nne zinazotaja jina la meli katika kwaya ya ufunguzi ni zilezile za mwanzo wa Ol' Man River, zikiwa zimegeuzwa. Meli yenye furaha na mto wenye uzito vimetoka katika mbegu moja.

Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimsifu mke wa Kern kwa kuwa mumewe ndiye aliyeandika wimbo huu. Mke wa Hammerstein akaingilia: mume wa mwenzake aliandika mlio tu usio na maneno, ni wake aliyeandika wimbo. Huenda kisa kimetiwa chumvi, lakini hukumbusha kwamba wimbo wa Broadway kwa kawaida una wazazi wawili.

Waimbaji wa kwanza

Kern alimfikiria Robeson tangu mwanzo, lakini matayarisho yalichelewa na Robeson hakupatikana. Aliyeuimba siku ya ufunguzi alikuwa Jules Bledsoe, mwimbaji Mweusi mwenye mafunzo ya muziki wa opera. Tamthilia ilichezwa mara 572. Ilikuwa miongoni mwa maonyesho ya kwanza ya Broadway ambamo kwaya ya Weusi na kwaya ya Weupe zilikuwa jukwaani pamoja. Hata hivyo Queenie, mke wa Joe, aliigizwa na Tess Gardella, Mzungu aliyejipaka uso rangi nyeusi. Kwa onyesho lililotaka kusema jambo la kweli kuhusu rangi, hiyo ilikuwa hatua moja mbele na nyingine nyuma.

Santuri zilitoka haraka. Mapema mwaka 1928 okestra ya Paul Whiteman iliurekodi mara mbili: Januari pamoja na Bing Crosby, kwa mwendo wa haraka wa kuchezea dansi, na Machi pamoja na Robeson, kwa mwendo wa polepole. Mwendo wa polepole ndio uliobaki masikioni mwa watu.

Robeson alianza kumwigiza Joe jukwaani London, katika ukumbi wa Drury Lane, Mei 1928. Alirudia sehemu hiyo New York mwaka 1932 na katika filamu ya 1936 iliyoongozwa na James Whale.

Robeson abadilisha maneno

Paul Robeson alizaliwa Princeton, New Jersey, mwaka 1898. Baba yake alikuwa mtumwa aliyetoroka na baadaye akawa mchungaji wa kanisa. Kwa mtoto wa mtu kama huyo, kumwimba Mweusi anayejikokota bila tumaini haikuwa kazi rahisi.

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kumkumbuka. Mwaka 1934, akiishi London, alijiandikisha katika chuo kinachojulikana leo kama SOAS, akasoma fonetiki na lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Alikuwa akitafuta uhusiano kati ya lugha za Afrika na nyimbo za watu wake. Wakati huohuo aliigiza katika Sanders of the River (1935), filamu kuhusu mto mwingine, wa Afrika, ambamo Jomo Kenyatta alionekana kwa muda mfupi kama mmoja wa machifu. Filamu hiyo ilipotoka ikiwa imejaa sifa za ukoloni, Robeson aliijutia.

Mabadiliko katika Ol' Man River hayakuja siku moja. La kwanza kuondoka lilikuwa neno la kuwatukana Weusi, ambalo katika maandishi ya 1927 ndilo lililoifungua tamthilia yenyewe. Kisha likaja kundi la pili, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, ambapo Robeson aliimba katika mikutano ya kuunga mkono serikali ya jamhuri. Mahali ambapo Joe alisema kuwa mtu akilewa kidogo hujikuta jela, Robeson aliimba kwamba hujikuta jela mtu akionyesha ujasiri kidogo. Mahali ambapo Joe alichoka kuishi na kuogopa kufa, Robeson aliapa kuendelea kupigana mpaka kufa.

Badiliko dogo kuliko yote ndilo kubwa kuliko yote. Joe wa Hammerstein anautazama mto usiojali shida za dunia, usiojali kama nchi ina uhuru au haina, na kusema angependa kuwa kama mzee huyo. Robeson alitia ukanushi: huyo ndiye mzee ambaye hapendi kuwa kama yeye. Kwa neno moja kutojali kwa mto, kulikokuwa kitu cha kutamanika, kukawa aibu. Maelezo mengine kuhusu mto yalibaki karibu kama yalivyokuwa, lakini sasa yanasikika kama mashtaka. Muziki wa Kern nao haukubadilishwa hata noti moja, na kupanda kule kwa mwisho kunayafaa maneno mapya pengine kuliko ya zamani.

Hammerstein hakupendezwa, na alisema hivyo hadharani. Si haki kumwona kama adui wa Weusi: mwaka 1949, katika South Pacific, aliandika wimbo unaosema kwamba ubaguzi wa rangi hufundishwa watoto, na akakataa kuuondoa aliposhauriwa afanye hivyo. Alichotetea ni haki ya mwandishi juu ya maneno yake. Robeson kwa upande wake aliona kwamba anayesimama mbele ya watu na kusema "mimi" hawezi kuazima maneno asiyoyaamini.

Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya Robeson pasipoti kwa sababu ya msimamo wake wa kisiasa, na hakuweza kusafiri tena ng'ambo mpaka 1958. Novemba 1960 aliuimba wimbo huu Sydney, Australia, mbele ya wajenzi wa jumba la opera lililokuwa bado halijakamilika, mafundi wakimsikiliza kutoka kwenye majukwaa yao ya ujenzi. Alifariki Philadelphia mwaka 1976.

Baada ya Robeson

Frank Sinatra aliuimba katika filamu ya 1946 kuhusu maisha ya Kern, akiwa amevaa suti nyeupe juu ya jukwaa la fahari. Wengi walicheka, ingawa sauti yenyewe haikuwa mbaya. William Warfield aliuimba katika filamu ya Show Boat ya 1951. Sam Cooke, Ray Charles na Judy Garland waliurekodi au kuuimba kila mmoja kwa mtindo wake.

Neno la matusi limeendelea kuleta mvutano. Katika matoleo ya baadaye limebadilishwa mara kadhaa, kila kizazi kikichagua neno kilichoona linavumilika. Kwa santuri ya 1988 kondakta John McGlinn aliamua kurudisha maandishi ya 1927 neno kwa neno, na waimbaji Weusi waliokuwa wamealikwa wakajitoa. Mwaka 1993, tamthilia ilipofufuliwa Toronto na Harold Prince, baadhi ya Wakanada Weusi waliandamana dhidi yake kabla hata haijafunguliwa.

Tarehe 1 Januari 2023 haki za kunakili za wimbo huu zilikwisha nchini Marekani. Tangu siku hiyo mwimbaji yeyote huko anaweza kuyabadilisha maneno ya Hammerstein bila kuomba ruhusa ya mtu.