Wazunguke Watoto, Mzazi Atulie

Miongoni mwa mambo yanayoletwa mara kwa mara mbele ya kamati za misikiti ni mashauri ya ndugu kuhusu malezi ya mzazi wao. Wao hukaa kikao, na kwa nia ya uadilifu huafikiana kwamba mzee akae Makambako kwa mwanawe mkubwa miezi miwili, kisha apelekwe Njombe kwa binti yake miezi miwili, halafu arejee. Kila mmoja apate fungu lake la taabu na la thawabu. Kwa mzazi mwenye kumbukumbu timamu, mpango huo hauna ubaya. Kwa aliyepatwa na maradhi ya kusahau, ambayo matabibu huyaita dimenshia, ni mateso asiyoweza kuyaeleza.

Maradhi haya si uchawi, wala si ukaidi wa uzee, bali ni ugonjwa wa ubongo. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010 ulionesha kwamba takriban wazee 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa nao. Nayo Qur'ani Tukufu, katika Suratun-Nahl aya ya 70, imetukumbusha kuwa wapo miongoni mwetu watakaofikishwa umri ambao elimu waliyokuwa nayo huwatoka.

Aghalabu mgonjwa husahau kwanza mambo mapya, huku ya zamani yakibaki. Mzee wa Makambako aweza kusimulia jinsi reli ya TAZARA ilivyojengwa katika miaka ya 1970, lakini asikumbuke kwamba jana alihamia Njombe. Katika nyumba aliyoizoea, miguu huijua njia ya chooni bila ya yeye kufikiri. Akihamishwa, hupoteza msaada huo. Anapoanza kuzoea, miezi miwili imekwisha, na safari ya kilomita 60 inamrudisha mwanzo.

Baadhi ya nchi zina nyumba maalumu za kuwatunzia wagonjwa wa aina hii. Kwetu, makazi ya wazee kama Nunge, Dar es Salaam, na Kolandoto, Shinyanga, ni kimbilio la wasio na wa kuwatunza, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia mbele katika jukumu hili. Basi nyumba ya matunzo ni mojawapo ya nyumba zetu. Ichaguliwe moja, na mzee atulie humo. Wanaopaswa kuzunguka ni watoto: wa Makambako aje Njombe mwishoni mwa juma ili dada yake apumzike, aliye mbali atume fedha za dawa na sabuni, na wajukuu washike zamu za usiku. Huo ndio uadilifu, kwani kinachogawanywa ni kazi, si mzazi.

Siku ya kumhamisha, ihamishwe pia siku yake. Aje na kitanda chake, blanketi lake, kofia, msala na redio aliyoizoea. Chai iwe saa ile ile, na taa iwake usiku kwenye njia ya chooni. Majirani, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wajulishwe ili wakimwona barabarani wamrudishe kwa upole. Kwa kuwa baridi ya Njombe ni kali, hasa Juni hadi Agosti, avishwe nguo nzito. Jiko la mkaa lisiachwe chumbani milango ikiwa imefungwa, kwani hewa yake huua.

Jioni huenda akasema, "Nataka kwenda nyumbani." Usibishane naye wala usimwambie kwamba nyumba ile imeuzwa. Mwulize habari za nyumba hiyo, umsikilize, mtembee kidogo uani. Akichanganyikiwa ghafla kuliko kawaida, apelekwe hospitali, maana huenda ana homa au maambukizi.

Kuhusu ibada, wajibu wa swala hufungamana na akili. Akirudia rakaa au akasahau udhu, asikemewe wala asihesabiwe makosa. Aachwe akae kwenye msala wake na asome anachokumbuka, kwani mara nyingi sura alizohifadhi utotoni hubaki baada ya majina ya wanawe kumtoka. Ukiwa na shaka kuhusu hali yake, mwulize sheikh wako.

Ndugu msomaji, aya ya 23 ya Suratul-Israa inawazungumzia wazazi wanaofikia uzee wakiwa kwa mtoto wao, na inakataza hata neno dogo la kuchoshwa nao. Mzazi asiyejua yuko wapi hawezi kusemwa kuwa yuko kwa mtoto wake. Kabla ya kikao kijacho cha ndugu, jiulizeni: ni nyumba ipi ambayo mzee atatulia?

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu na atuwafikishe katika kuwatendea wema. Amin.