Sura ya 7: Joto Ndilo Kalenda ya Chupa

Mivinyo mingi duniani hutengenezwa inywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ni michache inayofaidika kwa kuwekwa, na Morogoro mjini huo uchache unazidi. Mji umekaa takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Mwembesongo, kama mitaa mingine ya tambarare, hulala na joto lake hadi alfajiri. Vitabu vya Ulaya vinasema chupa ikae kwenye nyuzi 12 hadi 15. Nyumba ya bati hapa mwezi Februari haizijui nyuzi hizo. Kwa hiyo tuanze na joto, kisha tukaribie mezani.

Mvinyo mwekundu ukiwa mchanga una tanini nyingi, ule ukali wa maganda na kokwa unaokausha ulimi kama chai iliyochemka mno. Miaka ikipita, chembe za tanini na za rangi hushikana, hukua, hulemea, na mwishowe huzama chini zikawa mashapo. Ndiyo maana mvinyo uliokaa vizuri hauparuzi tena, na wekundu wake umehama kutoka zambarau kuelekea rangi ya tofali. Harufu ya tunda bichi hufifia na nyingine hujitokeza: tende, tumbaku, ngozi, udongo uliopata mvua. Yote hayo ni kazi ya kemia, na kemia huendeshwa na joto. Kwa makadirio ya jumla, nyuzi 10 zikiongezeka, kasi yake huwa karibu maradufu. Chupa iliyokaa miaka mitatu kwenye kabati la sebuleni imechoka kuliko mwenzake aliyekaa miaka hiyohiyo mahali pa baridi. Wala haijakomaa vizuri zaidi, maana joto haliharakishi kila kitu sawasawa: ladha huchakaa kabla tanini hazijamaliza kulainika. Mwaka ulioandikwa kwenye lebo hautakwambia hayo. Uliza chupa ililala wapi.

Wareno waliligeuza joto hilo kuwa faida. Mapipa ya mvinyo wa kisiwa cha Madeira, yaliyoongezwa spiriti ili yahimili safari, yalivuka bahari za kitropiki ndani ya matumbo ya merikebu, na wanywaji wakagundua kwamba yaliyorudi yalikuwa matamu kuliko yaliyobaki nyumbani. Baadaye wakaanza kuupasha mvinyo huo makusudi, kwa miezi, kwenye nyuzi 45 hadi 50. Kilichokwisha kuungua namna hiyo hakitishwi na sebule ya Mwembesongo.

Mvinyo wa Dodoma ni habari nyingine, nao ndio wetu. Zabibu zilifika huko na wamisionari Wakatoliki, Bihawana, mwaka 1957. Mzabibu wa Dodoma haulali kwa baridi kama wa Ulaya. Mkulima huuamsha kwa kuupogoa, akavuna mara mbili kwa mwaka. Chupa ikitaja mwaka tu, bado hujajua ni mavuno yapi. Mwingi wa mvinyo huo hunywewa ungali mchanga, nao umetengenezwa kwa ajili hiyo. Lakini naamini kabisa kwamba mwekundu mkavu wa Dodoma haujapewa nafasi ya kutuonyesha unavyozeeka, kwa sababu hatuuweki, na tukiuweka tunaupika. Kutoka hapa hadi Dodoma ni kilomita 260 hivi tu kwa barabara, na tangu 2024 treni ya umeme inapita. Nunua chupa nne za aina moja. Mbili zinywe sasa. Mbili zifiche mahali pa baridi kuliko pote unapopafikia. Mwenye ndugu juu ya Uluguru, upande wa Morningside, kwenye mita kama 1,300, anapata nyuzi tano pungufu bila kulipia umeme. Asiye naye atumie friji. Baridi yake huchelewesha tu, haiharibu.

Siku ya kufungua moja ya zile ulizoficha, alika watu. Chupa ya mililita 750 ikigawiwa watu wanane inampa kila mmoja mililita tisini na kitu, na mvinyo mkongwe ukishapata hewa unaweza kunyauka ndani ya saa moja. Hauwekwi kiporo. Watu waliokulia kwenye mbege na ulanzi hawahitaji kufundishwa kinywaji kisichosubiri.

Isimamishe chupa tangu jana yake ili mashapo yatulie. Vuta kizibo polepole, maana cha zamani hukatika. Mimina kwenye jagi huku tochi ya simu ikimulika shingo ya chupa, na uache mara wingu la mashapo linapofika. Chakula kiwe cha upole: kuku wa kienyeji na ndizi za kupika, chumvi ya kutosha. Pilipili iachwe. Mvinyo wa umri huo hauna nguvu za kupigana nayo.

Mazungumzo ndiyo yanayoharibiwa kirahisi kuliko mvinyo wenyewe. Kwetu mkubwa akishasema, mdogo hunyamaza. Mzee wa nyumba akitamka "umeharibika," nani atabisha? Kwa hiyo aanze mdogo. Mezani Mwembesongo nimemsikia kijana akisema, "Mama, mimi nasikia siki," na mama aliyekulia Matombo, kwenye karafuu na mdalasini, akamjibu, "Siki ipo, mwanangu, sikatai. Lakini rudisha pua. Chini yake kuna karafuu iliyokaa sana guniani." Wote wawili walikuwa sahihi. Asidi ya siki kidogo huishi ndani ya mivinyo mingi mikongwe, na ubishi wa kweli ni kama imezidi harufu nyingine au imezinyanyua. Mtu wa Matombo ana pua ambayo hakuna kozi ya hoteli inayoitoa, na asiyekunywa naye apewe glasi anuse, kama yuko radhi.

Weka kando ya mkongwe ile chupa changa ya aina hiyohiyo, uliyoinunua juzi. Bila hiyo watu watasifu umri kwa heshima tu. Nusu ya glasi ibaki dakika ishirini, kisha mzunguko wa pili: anayeshikilia neno lake la kwanza alitetee, anayebadili aseme alichokiona. Ikiwa chupa imekufa, semeni imekufa, na muulizane ililala wapi. Kabla wageni hawajaondoka, andika kwa kalamu kwenye lebo ya chupa iliyobaki: mahali ilipo, tarehe ya leo, na mwezi mtakaoifungua.