Mhogo wa Pwani na jeni zinazosafiri bila virusi

Mkulima wa Kisarawe anaweza kutunza mhogo mwaka mzima, majani yakapendeza, kisha siku ya kung'oa akapasua mzizi na kukuta nyama nyeupe imejaa mabaka ya kahawia, makavu, yasiyolika. Hiyo ndiyo michirizi ya kahawia, ugonjwa ulioelezwa na H. H. Storey wa Amani, Tanga, mwaka 1936. Virusi vyake huenezwa na nzi weupe na pingili tunazogawiana wenyewe.

Virusi hivyo hutegemea protini za mhogo ili vizaliane. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2019 ulitumia CRISPR, mkasi wa vinasaba, kuharibu jeni mbili za protini hizo, nCBP-1 na nCBP-2. Dalili zilipungua, ingawa hazikuisha.

Shida ni kuufikisha mkasi ndani ya seli. Katika tiba ya binadamu, jeni mara nyingi hubebwa na virusi vilivyoondolewa makali. Kwenye mhogo kazi hiyo hupewa bakteria, Agrobacterium, anayepachika jeni za mkasi katika vinasaba vya mmea, nazo hubaki humo. Kwenye mahindi jeni hizo huondolewa kwa kuchavusha na kuchagua mbegu. Mhogo haukubali njia hiyo: ukichavusha aina ya Kiroba, watoto wake si Kiroba tena. Ndiyo maana tunapanda pingili.

Kwa hiyo nazifuatilia sana peptidi, minyororo mifupi ya asidi amino. Keiji Numata na wenzake wa RIKEN, Japani, waliunda moja yenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni laisini na histidini zinazopokezana mara tisa. Laisini ina chaji chanya, hivyo hushikana na DNA yenye chaji hasi na kuikunja iwe kifurushi kidogo mno. Sehemu ya pili, BP100, hupenya utando wa seli. Mchanganyiko huo ulisukumwa ndani ya jani kwa bomba lisilo na sindano, na jeni zikafanya kazi.

Peptidi zikibeba mkasi ambao tayari ni protini, utakata, kisha utavunjwavunjwa na seli bila kuacha jeni ngeni. Vikwazo ni vikubwa: ukuta wa seli huzuia vifurushi vingi, na seli iliyobadilishwa lazima ikuzwe maabara hadi iwe mche. Hata hivyo, ningependa TARI Kibaha, kituo cha utafiti wa kilimo, ianze kujaribu, na ianze na Kiroba, ambayo wakulima wa Pwani wameshaikubali shambani na mezani.