Programu Huhitaji Nyumba Kwanza

Wengi hudhani kuweka programu ya takwimu ni kubonyeza kitufe tu. Wapi! Tazama DHIS2, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Tangu 2011 hukusanya takwimu za hospitali na zahanati kote Kenya: chanjo, malaria, akina mama waliojifungua. Programu ni ya bure. Gharama iko kwenye nyumba yake. Yataka kompyuta isiyozimwa usiku na mchana, Java, na hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo ndiyo ghala lenyewe.

Mwaka huo 2011, intaneti ya makao makuu ya wizara ilikuwa dhaifu, basi programu ikawekwa kwenye kompyuta ya kukodi ng'ambo. Wilayani wakaifikia kwa modemu za simu.

Je, tukitaka kuweka yetu hapa Muthara? Stima ikipotea, kazi isiyokwisha kuandikwa hupotea nayo. Nakala ya kila siku isikae chumba kilekile, maana mwizi hachagui. Na nywila? Akiijua mwalimu mmoja tu, siku akipata uhamisho tumekwisha! Mimi ningenunua betri ya akiba kabla ya kompyuta yenyewe.