Mkebe Mtupu Si Takataka

Mama mshonaji wa hapa Merti akipoteza sindano ya cherehani, hasara si bei ya sindano tu. Huenda dukani namba anayotaka haipo, na kuagiza Isiolo mjini ni kungojea gari. Wakati huo sare ya shule inalala mezani na mteja anamwendea fundi mwingine. Kwa hivyo tunawaambia akina mama wanaoshona nyumbani: faida nyingi huvujia kwenye vitu vidogo. Na vyombo vya kuvitunza tayari mnavyo jikoni.

Tuanze na sindano. Tafuta kichupa chenye kifuniko kinachokaza. Zifunge sindano za cherehani kwa vitambaa, kila namba peke yake: 11 ya nguo nyepesi, 14 ya nguo za kawaida, 16 ya nguo nzito kama jinzi. Sindano za mkono zichomeke kwenye kimto kilichojazwa nywele safi, kavu. Mafuta kidogo ya nywele husaidia kuzuia kutu. Sindano iliyovunjika iwe na mkebe wake, uliotobolewa tundu kwenye kifuniko. Usiitupe sakafuni, mahali ambapo mtoto anatambaa.

Je, kuna redio iliyokufa? Usiitupe bado. Nyuma ya spika kuna sumaku. Ifunge kwa kitambaa, kisha ipitishe sakafuni kila jioni ukimaliza kazi. Itaokota pini na sindano ambazo macho hayakuziona.

Uzi una maadui wawili hapa kwetu, jua na vumbi. Jua hufifisha rangi na kuufanya uzi ukatike ovyo. Mkebe wa mafuta ya kupikia wenye kifuniko unatosha kabisa. Uoshe kwa maji moto na sabuni mpaka mafuta yaishe, la sivyo yatachafua nguo ya mteja. Kingo zenye makali zigongwe kwa nyundo. Kila bobini ifungwe pamoja na uzi wa rangi yake.

Vifungo navyo viwekwe kwenye maboksi matupu ya kiberiti. Gundisha sita pamoja, yawe kama droo. Mbele ya kila droo shonea kifungo kimoja cha aina iliyomo. Hata asiyejua kusoma atajua cha kuvuta.

Mkasi, chaki na futi ya kupimia vinahitaji mfuko wa ukutani. Kata mifuko ya suruali kuukuu, ishone juu ya kipande cha gunia safi, halafu kitundike juu, mbali na mikono ya watoto. Wale wanaokaa karibu na Ewaso Nyiro wanakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa 2023. Kilicho juu kina nafuu.

Lakini angalieni sana: chombo kilichokuwa na dawa ya kupe au sumu yoyote kisitumiwe kamwe, hata kikioshwa mara kumi. Na kichupa cha dawa za hospitali kibanduliwe karatasi yake, mtoto asije akadhani ni vidonge.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila Jumamosi jioni hesabu sindano, bobini na zipu, uandike. Siku gari la Isiolo likiondoka, utaagiza kinachopungua kabla hakijaisha, na sare za watoto zitakuwa tayari shule zikifunguliwa.